Vituo, kwa Mpangaji wa Juu

Kombo, uliniuliza jana ngazini, ndoo mkononi,
wewe na Saumu mkenda Tanga msimame wapi.
Nimekuandikia nyuma ya karatasi ya kukatia kanzu.
Usishangae ukiona kwapa la mtu katikati ya safari.

Feri usiiguse. Foleni ya Ijumaa Likoni haina mwisho.
Shika Dongo Kundu, vioo chini,
mikoko iwaage kwa harufu yake.

Ukunda msisimame. Ukunda mumekuzoea.
Msambweni yuko mama wa mihogo ya kukaanga
ambaye pilipili yake haina adabu.
Ya shilingi hamsini yatosha,
ya mia hupoa kabla hamjafika Ramisi.

Ramisi punguza mwendo tu, utazame miwa.
Babangu aliikata hapo.
Kiwanda kilikufa, kikaja kikafufuka,
yeye hakufufuka nacho.

Lungalunga, toa kadi ya manjano kabla hujaombwa.
Kijana wa dirisha la pili hupenda kuulizwa habari za kwao.
Muulize. Si hongo, ni salamu.

Ukishavuka, ulimi uvue viatu.
Kule hakuna "nipe chai", kule ni "naomba".
Mguu nao uwe mwepesi:
hamsini ni hamsini, Kombo, kila palipo na nyumba tatu.
Trafiki wao wavaa nyeupe kama mabwana arusi
na tochi yao humulika mchana.

Duga Maforoni, nitakurudia.

Amboni ingieni mapangoni, Saumu avae viatu vya kufunga.
Mwenye kurunzi atawaambia pango hili lafika Mombasa.
Mlipeni, msimbishie.
Mimi sakafu hii nimeisikiliza miaka,
sijasikia mtu akipiga hodi.

Tanga mjini, lala Ngamiani.
Mitaa yao ina namba, haina majina,
hakuna wa kugombea ulipewa jina la babu wa nani.
Jioni tazameni wanawake kwenye baiskeli,
buibui limepigwa fundo gotini, kengele kirr, kirr,
na hakuna anayegeuka kuwatazama ila nyinyi.

Mkiwa na siku ya ziada, Muheza, machungwa.
La kijani usilidharau.
Uliza kwanza bei, halafu onja, halafu ulize tena.

Sasa Duga.
Mama alipokufa aliacha watoto wawili na cherehani moja.
Mbwana alikuwa kaburini bado, akitandaza mchanga,
mimi nikaifunga kwenye shuka
nikapanda nayo gari la mkaa, nikavuka.
Ndiyo hiyo uisikiayo chini ya kitanda chako kila alfajiri.
Miaka kumi na tisa hujawahi kulalamika,
ama wewe miaka miwili, lakini naona kama yote.

Kabla ya daraja dogo kuna mtu wa kuziba pancha,
matairi matatu yamepakwa chokaa.
Simama hata kama magurudumu yako ni mazima.
Omba upepo. Omba na maji ya kunywa.
Usiseme umetumwa.
Mtazame mabega tu.
Uone kama yameanguka, kama kitambi kimeingia,
kama lile la kushoto bado liko juu kidogo
kwa kubeba ndoo utotoni upande mmoja
kwa sababu upande wa pili alinishika mkono mimi.

Kwapa lililo nyuma ya karatasi hii ni lake.
Nimelikata kwa kukisia, kitambaa kiko mezani,
mkasi nimeuweka mbali.

Basi karatasi usiitupe.
Ukirudi gonga, hata usiku, hata mashine ikinguruma,
na machungwa, kama yamebaki,
mpe Saumu ale.
Mimi niletee kipimo.

Mwanasiti, wa chini