Bahasha ya Ngara

Karani alilikosea jina langu, kisha lako.
Pamba bado imeng'ang'ania kiwiko.
Mimi nusu, wewe nusu:
mundu umelala katika damu zetu mbili,
haukati, unamsubiri wa tatu.
Kila mimba, alisema muuguzi,
fungu moja kati ya manne.

Mama aliapa ndugu yangu Oduki alirogwa.
Kumbe ilikuwa Julai ya Kayole, baridi,
na mifupa ya mtoto wa miaka tisa
ikilia usiku kucha chini ya blanketi mbili.
Hakuna aliyempima. Wala sisi.

Sasa tuko kibandani, chai inapoa.
Adero, unapanga mandazi manne kwenye sahani,
unayatazama.
Halafu unakula moja, taratibu,
bila kuniambia ni lipi.