Kalenda ya Jikoni

Kila Zala anapoanguka Mama huchora msalaba,
mwekundu, kwenye kalenda iliyo juu ya jiko.
Januari ilikuwa makaburi.
Februari vikaja vidonge vya njano,
kimoja asubuhi, viwili usiku,
na misalaba ikakoma.

Siku kumi. Ishirini na tatu. Arobaini.
Baada ya dhiki, faraja, tulisema.
Mama akaoka mkate wa jozi,
akaurudia mto wake wa lesi,
vijiti vikagongana, tik, tik,
theluji ya Idrija ikidondoka mapaani.

Hatukujua faraja nayo ina meno.

Siku ya arobaini na moja
Zala aliigeuza redio ikatazama ukuta.
“Inanitaja,” alisema.
Ya arobaini na nne akamsihi Mama aache kusuka:
lesi ile imeandikwa jina la atakayekufa,
na kila pini ni jicho.
Hakupiga kelele. Alisema kwa upole,
kama anayekwambia
kamba ya kiatu chako imefunguka.

“Hutokea,” alisema Daktari Kobal, “kwa wachache.
Kifafa kinanyamaza, akili inaanza kusema.
Si pepo. Si kosa lenu.
Wala si mkate wa jozi.”

Baba, aliyechimba zebaki hadi mgodi ulipofungwa,
alivitazama viganja vyake:
“Ukiibonyeza hapa, inachomoza kule.”

Usiku ule niliomba
dua nisiyoweza kumwambia padri:
Mwangushe.
Mara moja tu. Mwangushe, uturudishie.

Siku ya hamsini na mbili, alfajiri,
kishindo darini.
Nilimlaza ubavu, nikahesabu:
dakika moja, na nusu, na kidogo.
Povu, damu ya ulimi, kisha usingizi mzito.
Adhuhuri akashuka ngazi akishika ukuta.
“Kuna kahawa?”
Akaigeuza redio.
Mama alicheka hadi akaketi sakafuni.

Kidonge cha usiku kimepunguzwa, kingine kimeongezwa.
Mwezi ujao tutajua, au hatutajua.

Leo kalamu nimeachiwa mimi.
Nimesimama mbele ya kalenda, mkono juu,
nami ndiye niliyeomba,
sijui nachora ugonjwa
au nachora mtu aliyerudi nyumbani.

Zala ananitazama, mdomo umevimba.
“Chora,” anasema. “Ni wangu.”