Baiti Saba

Ghorofa ya pili, Mtaa wa Narung'ombe,
juu ya duka la vitenge, chini ya mtu anayefuga njiwa,
nimeketi na chipu ya miguu ishirini na minane
iliyokuwa ikiuza maji Mbagala Kizuiani.

Shirima amekitua kisanduku mezani na matope yake.
"Ndoo siku hizi mia. Yenyewe bado inadai hamsini.
Nibadilishie bei tu, Bi Mwantumu, naingoja."
Anaingoja. Kama mtu aliyeleta suruali kupunguzwa.

Nachomeka nyaya sita. Nauliza: nani wewe?
Inataja jina la kiwandani, kwa adabu.
Nauliza: una nini moyoni?
Sifuri, inasema. Moja. Mbili. Tatu. Nne.
Inahesabu,
kama mtoto aliyefunzwa asiseme baba yuko wapi.

Niliifunga mwenyewe, masika yale Jangwani hapakupitika.
Biti mbili za kufuli, zote nikaziangusha sifuri,
maana huku kwenye fyuzi mambo yako kinyume:
moja ni hapana, sifuri ndiyo ndiyo.
Isiyoguswa husimama. Ukishaamua, inalala.

Nilimfungia nani? Kibwana.
Kijana wangu wa kazi, akichoma risasi hata moshi huuoni.
Nikaambiwa anaonekana kwa Massawe, fundi wa jirani,
akinywa kahawa.
Kahawa tu. Mimi nikaiona programu yangu
inaelea ndani ya kikombe.
Alikuta nimefunga. Hakusema neno.
Jumatatu hakuja.

Kisha mwizi (si yeye, mwizi wa kawaida, wa dirishani)
akabeba kompyuta na kila nilichoandika.
Nakala pekee ikabaki humu, kipande kifupi kuliko kidole,
na kufuli halimjui aliyelitia.

Kulifungua kunawezekana. Kitabu cha kiwanda hakifichi:
futa vyote, litaachia.
Nyumba utarudishiwa. Vyombo, hapana.

"Vipi?" Shirima.
"Saa moja hivi," namdanganya.
Chini, muuza vitenge anampigia mtu hesabu kwa sauti.
Nabonyeza.

Chafya ni ndefu kuliko hiyo.

Ila kuna fyuzi moja nilikuwa nimeisahau,
niliyoilaza siku ileile, ya kuamuru
kumbukumbu ndogo isiguswe hata vyote vikifutwa.
Naisoma.
Ndoo zilizouzwa: elfu thelathini na moja, mia nne na sita.
Mapigo ya mita kwa ndoo: mia nne kumi na mbili.
Hayo tuliyapima wawili, uani,
yeye kashika ndoo, mimi nahesabu,
maji yanamwagikia viatu vyake vya Idi.
Halafu, baada ya hapo, baiti saba
ambazo sikuziandika mimi:
K, I, B, W, A, N, A.

Naandika upya, mkono mzito, tangu mstari wa kwanza.
Bei, mia. Mapigo siyagusi. Jina siligusi.
Nafika kwenye kufuli, kishale kinapepesa, kinaniuliza.
Shirima kasinzia kitini, mdomo wazi.
Naliacha kama lilivyotoka kiwandani: moja, na moja.

Kesho nitashuka kwa Massawe.
Nitaagiza kahawa.
Sijui nitaanzaje.