Safu ya Saba

Daktari Naliaka alishuka kwangu chini Jumanne,
viatu vya chumba cha upasuaji bado miguuni,
na barua ya kamati ya maadili, mhuri haujakauka:
faili za miaka mitatu, akina mama
waliovuja damu baada ya kujifungua.
Nikamwambia, Daktari, kule nyuma bomba lilipasuka,
zimelowa.
Akasema, tutazianika.

Tukazianika.
Kwenye kamba ya wapishi, nyuma ya jikoni,
kwa vibanio vya nguo, baridi ya Julai ikituuma masikio,
na makorongo juu ya mgunga wakitutazama
kama wakaguzi wa hesabu waliokuja bila taarifa.

Mia nne na kumi na mbili.
Safu ya kwanza, umri. Ya pili, uzazi wa ngapi.
Ya sita, saa daktari alipoandika: damu, painti mbili, haraka.
Ya saba, saa damu ilipofika kitandani.

Safu ya saba ilikuwa nyeupe tupu.
Guracha, kijana wetu wa takwimu, akasema
kompyuta inaweza kukisia, ziko kanuni, inakubalika.
Naliaka akavunja biskuti, hakuila.
"Usiku mwingi wa hizi nilikuwa zamu.
Sikisii."

Basi tukaitafuta saa mahali saa hujificha:
ukingoni mwa chati ya joto, kwa penseli;
kwenye kipande cha boksi la glavu kilichobanwa kwa pini,
mwandiko wa Sista Kwamboka, aliyekwisha kustaafu.
Tukampigia simu Keroka, yuko shambani anachuma chai.
"Wenye mkia wa mjusi ni saba, si moja," akasema.
"Niliandika nikikimbia."

Tulipata sitini na tatu. Hazitoshi kitu.

Ndipo Oyugi, mchukuzi wa damu, aliyekuja kwangu
kuazima kalamu tu,
akauliza tunatafuta nini, akacheka,
akarudi na madaftari manne yamefungwa kwa bendeji.
Mwaka ule walimshtaki kwamba alisinzia njiani.
Tangu hapo anaandika: saa ya kutoka benki ya damu,
saa ya kufika wodini,
lifti nzima au lifti imekufa.
"Mali bila daftari huisha bila habari," akasema,
"na mimi mali yangu ni jina."

Nilisoma kwa sauti, Guracha akichapa.
Lifti imekufa. Lifti imekufa. Ghorofa nane kwa miguu.
Lifti nzima, lakini imebeba mgeni wa wizara.
Kisha mstari mmoja, alfajiri ya mwezi wa tatu:
*Saa kumi na dakika kumi. Nimefika.
Kitanda kimeshatandikwa.*

Guracha aliacha kuchapa.
Hakuna aliyemhimiza.

Ukumbini, mbele ya maprofesa, Naliaka alionyesha mchoro:
nusu yao walisubiri zaidi ya saa tatu na dakika arobaini.
Mzee mmoja wa miwani mstari wa mbele akauliza
tangu lini daftari la mchukuzi likawa chanzo cha kisayansi.
Akamjibu, "Profesa, ndicho chanzo pekee
kilichopanda ngazi."

Makala ilitoka. Kurasa nane, majina sita ya madaktari,
na mwishoni, kwa herufi za chungu:
shukrani kwa idara ya kumbukumbu na B. Oyugi.
Alitaka nimsomee mara tatu.
Halafu akauliza,
"Na yule wa kitanda, yuko ukurasa gani?"

Nikamwonyesha. Jedwali la pili, mstari wa nne:
damu ilifika hitaji limekwisha, 19.
Yumo humo ndani, nikasema, mmoja wao.
Akaweka kidole juu ya ile kumi na tisa,
akaifunika yote, akakaa hivyo
hadi simu ya wodini ikamwita.

Siku hizi kuna jokofu ghorofa ya nane,
dogo, linanguruma kama paka mwenye kikohozi.
Oyugi amenunua daftari jipya.
Stima ikipotea, anaandika saa.