Fyekeo Lanuka Chai

Kijitonyama, kazi ya bustani.
Nilimwambia mwenye nyumba naijua,
kumbe najua mawili tu:
nyasi, na yasiyo nyasi.

Siku ya kwanza nikafyeka ukingo wote,
ukabaki mweupe kama kichwa cha mtoto
siku ya kufungua shule,
na fyekeo likanuka chai.

Zamda wa jikoni akatoka na birika mkononi:
"Mchaichai wangu uko wapi?"
Ulikuwa viatuni mwangu.

Hakunishtaki. Alichuma jani. "Fikicha. Nusa."
Huu mrehani, unanuka harusi.
Huu kivumbasi, nduguye, usidanganyike na sura,
huu mbu wanaukimbia.
Na ule mnavu unaotaka kuung'oa
ni mboga yetu ya usiku.

Vidole vyangu vikasoma kabla ya macho.

"Na hiki?" Kichipukizi kando ya bomba,
majani mawili, shina jekundu.
Akainama. Akanusa. Akanusa tena.
"Hiki sikijui. Kiache, kitajisema."

Wiki ya tatu sasa. Maji ya dawasa yakitoka
hata ndoo moja,
kinakunywa cha kwanza.
Bado hakijasema.