Tairi la Tisa

Wanajeshi walipohama Murghab waliacha ukuta,
mbwa wawili, na lori hili la kijani.
Baba alilinunua kwa yaki wanne na saa ya mkononi.
Akaisugua nyota ya mlangoni kwa petroli na gazeti,
nyota ikakataa. Bado ipo,
ukiitazama jua likiwa upande.

Chini lina matairi sita. Kiwanda kililipatia la saba,
likasimama nyuma ya kichwa cha gari.
Baba akaongeza la nane, akalifunga minyororo tumboni mwa bodi;
akaongeza la tisa, juu ya makaa, chini ya turubai,
likajilaza huko kama mgeni
asiyeulizika ataondoka lini.

Hesabu za mama hazikuwa na haya:
"Tairi moja, rimu na yote, ni magunia mawili ya makaa.
Magunia mawili ni wiki nzima ya jiko.
Orozaly, unaipandisha wiki yetu mlimani
na kuishusha bila kuigusa."
"Akiba haiozi, Burulcha."
"Lakini inachakaa," na kweli,
mpira ulishachanika vijimistari pembeni
kama kisigino cha mchunga kondoo.

"La saba ni la barabara," baba alisema.
"La nane ni la Mungu.
La tisa ni la mtu nisiyemjua."

Mimi nilikuwa utingo. Miaka kumi na minne,
glovu za baba zimenifika viwikoni.
Kila tukisimama nashuka na nyundo,
nagonga moja moja, nasikiliza:
du, du, du, zima.
Dwaa, pancha.
Hata yale yasiyokanyaga chini niliyagonga,
maana, alisema, hata kilicholala hufa.

Upepo wake tuliujaza Osh, bondeni,
upepo mnene wenye harufu ya mkate na soko.
Kule Ak-Baital, ambako pumzi unaiomba
na injini nayo inakohoa,
nilikuwa najinyoosha juu ya la tisa nikiwaza:
humu ndani mna hewa ya kuwatosha watu wawili.

Mwezi wa pili, ng'ambo ya ziwa Karakul,
tuliona moshi mweusi umesimama wima.
Mtu anachoma tairi lake mwenyewe.
Nazarmamad, wa Rushan, siku yake ya tatu pale,
lori pacha wa letu,
viazi vyake vimeganda, vinagongana kama kokoto.
Baba hakumuuliza kitu. Aliniambia, "Gonga."
Nikagonga la tisa. Du.
"Lishushe."

Tulilitelezesha juu ya mbao mbili, likatuponyoka,
likabingirika kwenye barafu,
nasi watatu tukalifukuza,
tukicheka bila pumzi ya kuchekea,
mpaka likalala lenyewe, likizungukazunguka kama sarafu.

Aliapa kulirudisha nyasi zikiota.
Nyasi ziliota.
Baba akanunua jingine. Mama akahesabu.

Siku hizi goti la baba halikubali klachi.
Naendesha mimi. Saizi hii haipatikani;
anayejua lilipo moja hukwambia kwa kunong'ona.
Utingo wangu, Sagyn, ananiuliza
kwa nini tisa kwa gari la sita.
Baridi kumi na moja sijaona moshi wowote njiani.
Namwambia gonga, sikiliza.

Wiki iliyopita nilikuwa napakia alfajiri,
mama akatoka na bakuli la mafuta ya kondoo,
akapanda juu ya makaa, yeye na magoti yake,
akaanza kuyapaka kwenye ile mipasuko ya la tisa,
ufa kwa ufa, kwa kidole gumba,
vile alivyokuwa akinipaka midomo nikienda shule.
"Magunia mawili," alisema,
akanionyesha kwa kidevu nimsaidie
kuligeuza upande wa pili.