Mara Moja na Nusu

Podikasti nazisikiliza kwa kasi, mara moja na nusu.
Vipindi viwili, pishi moja ya karafuu,
makonyo huku, karafuu kule.
Sikio la kushoto ni la Hidaya na Mwache,
wanaocheka huku wakieleza mikopo, talaka,
namna ya kusema hapana bila kuomba radhi.
Nimejifunza mengi, sikatai.
Nimefungua akaunti. Nimeachana na Khatibu.

Sikio la kulia nimemwachia mama.

Ila mama hasemi kwa kasi.
Huanza neno, akachambua kichala kizima,
akapuliza vidole,
ndipo akamalizia.
Na kidole changu, Mungu anisamehe,
humtafutia kitufe.

Jana usiku umeme ulikatika Wete nzima.
Simu ilikuwa na asilimia mbili, kisha kiza.
Nikavivua vile vidude,
masikio yakivuma kama mtungi mtupu.
Mama alikuwa katikati ya jambo:
"...ndo daktari akanambia nirudi Jumanne."

Jumanne ipi, mama?

Akanyamaza. Nikasikia konyo linakatika,
jengine,
jengine.

"Hii iliyopita."

Mbona hukunambia?

"Nilikwambia. Papa hapa, juu ya jamvi hili.
Nikakwambia na jina la ugonjwa,
nikakuangalia usoni.
Ukacheka.
Nikasema, ikiwa mwanangu anacheka
basi si jambo.
Sikwenda."